Kipenga kisicho na gololi kwa mwamuzi wa mechi za sekondari: tathmini ya matumizi

Niseme uamuzi wangu mapema ili mwenye haraka asihangaike: kwa mtu anayechezesha soka la shule za sekondari, kipenga kisicho na gololi ndicho cha kununua, na akiba ya mfukoni iwe kingine cha aina hiyohiyo chenye mlio tofauti kidogo. Hata hivyo, pongezi hizo zina masharti. Sifa ambayo watengenezaji huitangaza kuliko zote, yaani ukubwa wa sauti, ndiyo ambayo kwenye uwanja wa shule husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa, na wakati mwingine huharibu. Nimevitumia vipenga vya watengenezaji mbalimbali, vya bei ya chini na vya bei ya juu, kwa hiyo tathmini hii inahusu aina yenyewe na si jina la mtengenezaji mmoja.

Kwa asiyejua tofauti, kipenga cha kawaida kina chumba kimoja chenye gololi nyepesi, ya gome la mti au ya plastiki, ambayo pumzi ya mpulizaji huizungusha. Kila gololi inapopita mbele ya tundu huikata hewa na kuiachia tena, na hapo ndipo hutoka ule mlio wa kutetemeka ambao kila mchezaji anaujua tangu utotoni. Muundo huo ulisambazwa na Joseph Hudson wa Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 1880, naye huyohuyo ndiye aliyewapa polisi wa London kipenga chao mwaka 1883. Udhaifu wake uko palepale penye uzuri wake, kwa sababu gololi ni kitu kinachosogea, na kitu kinachosogea kinaweza kukwama. Mate yakijaa, vumbi likichanganyika na mate, au mpulizaji akipuliza kwa hasira kupita kiasi, gololi hung'ang'ania ukutani na mlio hautoki. Ron Foxcroft, mwamuzi wa mpira wa kikapu kutoka Kanada, alikumbana na aibu hiyo nchini Brazil mwaka 1984 katika mashindano ya kuelekea Olimpiki, akarudi kwao na nia ya kupata kipenga kisichoweza kukwama. Matokeo yake, Fox 40, yalianza kusikika mwaka 1987 katika Michezo ya Pan American mjini Indianapolis. Ndani yake hakuna gololi hata moja: pumzi hugawanywa kwenye vyumba vitatu vinavyotoa sauti za vimo vinavyokaribiana bila kulingana, na mgongano wa sauti hizo ndio unaoleta mtetemo masikioni. Vipenga vingi vya siku hizi vinafuata wazo hilo, vingine vikiwa na vyumba viwili badala ya vitatu.

Katika kutegemeka, sina la kulalamikia. Mashindano ya shule mara nyingi hupangwa mechi mfululizo kwa siku moja, na mwamuzi aliyemaliza moja hupumzika kidogo kisha akaingia nyingine, kipenga chake kikiwa bado na unyevu wa mechi iliyopita. Kisicho na gololi hutikiswa mara moja, maji yakatoka, na kazi ikaendelea. Huoshwa kwa maji na sabuni bila hofu ya kuvimba kwa gome, jambo ambalo si dogo kwa kifaa kinachokaa mdomoni. Mvua haikisumbui, na vumbi halina mahali pa kujikusanya.

Kutegemeka huko kuna maana kubwa zaidi kwa vijana kuliko kwa wachezaji wa kulipwa. Mtu mzima anayecheza kwa mshahara akifanyiwa rafu hulalamika kwa mikono na kusubiri kadi itoke. Kijana wa miaka 15 au 16 aliyesukumwa mbele ya darasa lake zima hulipiza kabla hajafikiri, na kati ya rafu ya kwanza na ile ya kulipiza kisasi kuna sekunde moja, pengine chini ya hapo. Mlio ukitoka ndani ya muda huo, kijana anajua kwamba kuna mtu ameona na haki yake inashughulikiwa. Mlio ukichelewa kwa sababu gololi imekwama, mwamuzi atakuwa na makosa mawili ya kuhukumu badala ya moja, na la pili ndilo litakalostahili kadi nyekundu. Nakubali kwamba waamuzi wengi hucheleweshwa na macho na miguu kuliko na kifaa, lakini hakuna sababu ya kuongeza chanzo kingine cha kuchelewa.

Tatizo ambalo maelezo ya bidhaa hayalizungumzii hata kidogo ni la viwanja vilivyopakana. Katika bonanza la shule, mechi mbili au tatu huchezwa kwa wakati mmoja, mistari ya pembeni ikiwa imetengana kwa hatua chache tu. Kipenga chenye nguvu kinachosikika vizuri kwangu kinasikika vizuri vilevile kwa mabeki wa uwanja wa jirani, na beki wa shule akisikia mlio husimama, hainui kichwa kuangalia umetoka wapi. Anaweza hata kuudaka mpira kwa mikono ndani ya eneo lake la penalti akidhani mchezo umesimamishwa. Sheria za mchezo zinalitambua jambo hili: Sheria ya 5 inasema kwamba kipenga kikipulizwa na mtazamaji na kikaingilia mchezo, mwamuzi asimamishe na kuanzisha tena kwa mpira wa kudondosha, yaani ule ambao yeye mwenyewe huuangusha chini, na mlio wa uwanja wa pili hushughulikiwa kwa mantiki hiyohiyo ya uingiliaji kutoka nje. Hata hivyo, mweleze hilo kocha ambaye mshambuliaji wake alikuwa amebaki na kipa peke yake. Sheria iko upande wako, ila amani haipo.

Ndiyo maana nasisitiza kuwa na vipenga viwili vyenye milio tofauti. Watengenezaji wengi wana matoleo ya sauti nyembamba na matoleo ya sauti nzito, na kabla ya mechi kuanza waamuzi wa viwanja vya jirani wanaweza kukubaliana nani atatumia upi, kisha kila mmoja akawapulizia wachezaji wake mara moja wakati wa ukaguzi na kuwaambia kwamba huo ndio mlio wa uwanja wao. Vijana hushika haraka kuliko watu wazima wanavyofikiri. Hapa vipenga vya gololi vilikuwa na upungufu, kwa kuwa milio yao hufanana mno masikioni mwa mtu anayekimbia, ilhali visivyo na gololi hutofautiana waziwazi kutoka toleo moja hadi jingine. Mnunuzi anayechagua kwa kuangalia rangi peke yake hupoteza faida hii.

Sasa nije kwenye lawama. Kipenga chenye gololi kina ngazi nyingi: ukikipa pumzi ndogo hulia kidogo, ukikaza hukaza, na mkono uliozoea unaweza kukitoa mlio mfupi mkavu wa kusema "nimeona, endeleeni kwa utaratibu" au mlio mrefu mkali wa kusema "wewe simama hapo hapo". Kisicho na gololi hupenda pumzi kamili. Ukikipa nusu hutoa sauti ya kupwaya, iliyojaa hewa, ambayo mchezaji huitafsiri kuwa ni shaka ya mwamuzi. Ukikipa ya kutosha hutoa ukali uleule kwa mpira wa mkono wa bahati mbaya katikati ya uwanja na kwa rafu ya kuvunja mguu. Mwamuzi mwenye uzoefu hujifunza kukikata kwa ulimi na kufupisha mlio badala ya kupunguza pumzi, lakini hilo huchukua muda kujifunza, na wengi wanaochezesha mechi za shule ni waamuzi wachanga waliomaliza mafunzo ya awali hivi karibuni.

Athari yake kwa vijana ni ya wazi. Mlio mkali kwa kosa dogo humshtua mchezaji, humfanya ajione ameaibishwa mbele ya wenzake, naye hugeuka na mikono hewani akiuliza, "Sasa refa, nimefanya nini?" Hakufanya kubwa, na uwanja mzima umesikia kana kwamba amefanya. Ikirudiwa mara kadhaa kabla ya mapumziko, timu nzima hujihesabu kuwa inaonewa, kocha huanza kuhesabu faulo kwa sauti, na wazazi walio pembeni hupata wimbo wa kuimba hadi mwisho. Mwamuzi huyo hajakosea uamuzi hata mmoja, ila amezungumza kwa sauti moja tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo kipimo changu cha kipenga kizuri cha shule ni tofauti na kile kilichoandikwa kwenye kisanduku: sitazami kinaweza kupanda hadi wapi, bali kinaweza kushuka hadi wapi bila kupwaya. Kwa kipimo hicho, baadhi ya vipenga vya bei ya chini vyenye vyumba viwili huvishinda vile vya gharama kubwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya viwanja vyenye maelfu ya mashabiki.

Mwongozo uliomo katika sheria za IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka duniani, unasaidia sana kwa anayetumia kipenga cha aina hii, na ningependa uwekwe ndani ya kila kisanduku. Kipenga kinahitajika kuanzisha kila kipindi na kuanzisha tena baada ya bao, kusimamisha mchezo kwa ajili ya mpira wa adhabu au penalti, kumaliza kipindi, na kuanzisha tena pale kunapokuwa na penalti, ukuta wa wachezaji uliopimwa, kadi, majeraha au mabadiliko ya wachezaji. Hakihitajiki kwa kona ya wazi, mpira wa kurusha wa wazi, mkwaju wa golikipa wa wazi, wala kwa bao la wazi. Mwongozo huo unaonya pia kwamba kipenga kinachopulizwa ovyo hupoteza nguvu pale kinapohitajika. Katika mechi za shule onyo hilo hukiukwa kila wakati, maana mwamuzi anayeogopa kelele hupuliza kwa kila kitu, hata mpira ukiwa umeshatoka nje hatua kumi. Kwa kipenga cha gololi tabia hiyo huchosha. Kwa kisicho na gololi hukera hadi mishipa ya kichwa.

Kuna matumizi mawili ambayo ukali wake unastahili kila sifa. La kwanza ni majeraha ya kichwa. Vijana huruka kugombea mpira wa juu bila kujua kujilinda, na vichwa vikigongana mchezo husimamishwa mara moja, bila kutazama nani ana mpira na bila kufikiria faida, yaani kuacha mchezo uendelee licha ya rafu kwa kuwa timu iliyochezewa bado inanufaika. Hapo mlio unaokata kelele zote ndio unaotakiwa, na huu hauniangushi. La pili ni dakika za kwanza za mzozo, kabla mikono haijaanza kurushwa: milio mifupi mikali mfululizo huwagandisha wengi wa wale wanaokimbilia kushiriki. Baada ya hapo, ngumi zikishaanza, hakuna kipenga duniani kinachosikilizwa, na mwamuzi anayeendelea kupuliza anapaswa kukiacha, kurudi nyuma na kuanza kukariri namba za jezi.

Kuhusu faida, kipenga kinachotii kwa haraka ni kishawishi. Sheria inampa mwamuzi sekunde chache za kuona kama faida imepatikana kabla ya kurudi kwenye kosa la mwanzo, na katika ligi kubwa kusubiri huko hupendeza. Katika soka la sekondari mimi husubiri kidogo zaidi ya nusu ya muda huo, kwa sababu faida ya kweli ni adimu pale ambapo pasi inayofuata ina uwezekano mkubwa wa kupotea, na aliyechezewa rafu anaweza kuichukua sheria mkononi mwake. Kukishika kipenga mkononi badala ya kukibana kwa meno husaidia sana. Safari fupi ya kukipeleka mdomoni humpa mtu nafasi ya kufikiri. Aidha, mlio uliotoka kimakosa haurudishwi. Mchezo ukisimama kwa sababu hiyo, unaanzishwa kwa mpira wa kudondosha, na aliyekuwa akielekea golini hatakusamehe hadi mwisho wa muhula.

Sehemu ambayo hata kipenga bora hakiwezi kitu, na mnunuzi ajue hivyo kabla ya kutoa fedha, ni upweke wa mwamuzi. Kwa utaratibu kamili mechi ina mwamuzi wa kati na wasaidizi wawili. Katika mechi nyingi za shule, hasa zile za hatua za awali, anakuwepo wa kati peke yake, na vibendera hushikwa na walimu au wanafunzi wa akiba wa timu zenyewe, ambao kwa busara hupewa kazi moja tu ya kuonyesha mpira uliotoka nje. Kuotea kunabaki kwa mtu mmoja anayekimbia katikati ya uwanja, akijaribu kuona kwa pembe ya jicho mguu wa mpigaji pasi na bega la mshambuliaji aliye mita 30 mbele yake kwa wakati uleule. Hiyo ni kazi ambayo jicho la binadamu haliifanyi vizuri, na watazamaji walio sambamba na mstari wa mabeki huona vizuri kuliko yeye. Wako sahihi mara nyingi kuliko waamuzi tunavyopenda kukiri. Mlio mkubwa na wa kujiamini katika hali hiyo hununua muda, ila ukitumika kuficha ukweli kwamba hukuona, vijana hugundua upesi ajabu.

Kinachosaidia hapo ni kuzingatia kifungu kingine cha Sheria ya 5, kwamba uamuzi unaweza kubadilishwa mradi mchezo haujaanzishwa tena. Mwamuzi aliye peke yake anafanya vyema akitumia kipenga cha kuanzisha kama breki: ainue mkono, aonyeshe kwamba mpira hauchezwi hadi apulize, ahesabu mita 9.15 za ukuta bila papara, amtazame mwalimu mwenye kibendera, kisha ndipo apulize. Sekunde hizo ni za thamani kubwa. Tangu msimu wa 2024/25, IFAB imetoa pia mwongozo unaoyaruhusu mashindano kuweka utaratibu ambao kapteni pekee ndiye anayemfuata mwamuzi kuuliza maelezo, na ninauona kuwa mwenzi mzuri wa kipenga hiki: mlio mmoja, mkono unaowazuia wengine, na maneno tulivu kwa mmoja, "Kapteni, mpira ulimgusa mwenzako kwanza, waambie." Mwanafunzi aliyepewa heshima hiyo mara nyingi huitunza, na huwatuliza wenzake kwa lugha ambayo mwamuzi asingeweza kuitumia.

Jambo linalopuuzwa na karibu kila mnunuzi ni masikio. Vipimo vilivyofanywa kwa vipenga vinavyouzwa kwa waamuzi vimeonyesha sauti kati ya desibeli 104 na 116. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini nchini Marekani, ile ya NIOSH, inaruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Anayefanya hesabu hadi desibeli 115 hufikia sekunde zisizozidi 30 kwa siku nzima. Mechi yenye milio 40 ya sekunde moja moja imeshavuka kiwango hicho, na tumeona kwamba mechi za shule huja mfululizo. Kipenga kiko sentimita chache tu kutoka masikioni mwa mpulizaji, si mwa wachezaji, kwa hiyo anayeumia kwanza ni mwenyewe. Kugeuza kichwa hakusaidii, kwani kipenga hugeuka nacho. Kupuliza kwa ufupi na mara chache husaidia, na wanaochezesha mashindano ya siku nzima hawana haja ya kuona haya kuvaa vizibo vidogo vya masikio vinavyopitisha mazungumzo. Hii ndiyo sababu nyingine ya kukataa toleo lenye sauti kubwa kuliko yote.

Vipenga vya umeme vya kubonyeza, vilivyopata wateja wengi wakati wa janga la UVIKO-19, nimevitumia kwa muda mfupi na sikuvipenda kwa soka. Faida yao ni usafi, pamoja na kwamba kifaa hukaa mbali na sikio. Kasoro ni kwamba kila mlio ni sawa na mwingine, kidole hubonyeza bila kukusudia wakati wa kukimbia, na betri haina adabu ya kutoa taarifa kabla ya kuisha. Kwa mwalimu wa michezo anayesimamia mazoezi vinatosha kabisa.

Kuhusu namna ya kukibeba, cha kuvaa kidoleni au cha kufunga mkononi kwa kamba fupi ni bora kuliko cha shingoni. Kamba ya shingoni hurukaruka kifuani, huweza kunaswa na mkono wa mchezaji katika msongamano, na humfanya mtu azoee kukimbia na kipenga mdomoni, jambo linalohatarisha meno mpira unapompiga usoni. Matoleo yenye mpira laini sehemu ya kung'ata yana thamani ya nyongeza ya bei. Rangi haina maana, ingawa nyangavu huonekana haraka kikidondoka kwenye majani.

Kwa ujumla wa alama, nakipa kipenga kisicho na gololi nne kati ya tano kwa matumizi ya sekondari. Moja nimeitoa kwa sababu ya ule ugumu wa kushuka sauti. Kwa mwamuzi mchanga napendekeza toleo la sauti nzito kama la kwanza, lile jembamba likae mfukoni kwa siku za viwanja vilivyopakana, na wiki moja ya kukizoea nyumbani au uwanjani pasipo na watu, akijifunza kukata mlio kwa ulimi hadi aweze kutoa mfupi, wa kati na mrefu bila kubadili pumzi. Shule inayonunua kwa ajili ya mashindano yake inunue vya milio tofauti na kuvigawa kwa namba ya uwanja, na fedha itakayobaki iitumie kumwita mwamuzi msaidizi hata mmoja.